Nipeni Uma Jamani

Shati langu la krimu ndiyo basi tena. Nimelisugua kwa sabuni ya hoteli mpaka sabuni imeisha, nikahamia kwenye shampuu, nikamalizia na dawa ya meno kwa ushauri wa jamaa wa chumba cha jirani, na doa limezidi kung'aa. Jekundu, lipo kifuani upande wa moyo. Mtu akiniona kwenye lifti anasogea pembeni akidhani nimechomwa kisu. Na kesho asubuhi nina kikao na mwenye kiwanda. Mashati mengine? Msiniulize habari ya mashati. Mnajua wenyewe mtu anakuja China amebeba nini: begi tupu ndani ya begi jingine tupu.

Yote haya ni kwa sababu ya chakula cha mchana.

Sasa mimi si mtu wa kuhangaishwa na chakula. Nina fremu Kariakoo, nauza vifaa vya mapazia: fimbo, pete, ndoano, na zile kamba za kufungia zenye vishada. Nikipita pale vijana wa mikokoteni wananipisha. Kwenye harusi nakalishwa meza za mbele. Nimekula mbele za watu maisha yangu yote, pilau kwa mkono, ugali kwa mkono, biriani kwa kijiko pale ilipobidi, na hakuna aliyewahi kusimama kunitazama. Leo nimetazamwa na duka zima, tena hapa Xiaobei, Guangzhou, mtaa ambao ukipiga chafya unajibiwa kwa Kiswahili, kwa Kilingala na kwa Kihausa.

Nilichotaka kilikuwa kidogo. Migahawa ya Waafrika ipo hapahapa, unapata ugali, unapata samaki, unapata na mtu wa kubishana naye mpira. Lakini kuna huyu dogo anayenisimamia mizigo. Alikuja huku kusoma uhandisi, akaishia kufungasha makontena, na ile elimu iliyobaki ananimalizia mimi. "Mzee," akasema, "huwezi kuja China mara zote hizi unakula ugali. Leo twende ukale tambi zenyewe. Tambi za Lanzhou, mji wa kaskazini-magharibi mwa China. Halali kabisa, duka la Waislamu."

Tambi! Tambi mimi nimezikuta mezani tangu sijaota meno. Zinakaangwa, zinatiwa sukari, iliki, zabibu na tui, unakula asubuhi ya Idi ukiwa na kanzu mpya, unashushia na chai ya maziwa. Zinalala kwenye sahani kwa heshima zake. Haziruki. Nikasema sawa, twende.

Joto la Juni la huku mnalijua, lile linalokulowesha kabla hujafunga mlango wa hoteli. Tukafika. Juu ya mlango kuna kibao cha kijani, pembeni kimeandikwa "halali" kwa Kiarabu, maandishi pekee niliyoweza kuyasoma tangu nishuke kwenye ndege. Roho ikatulia. Ndani vijana wana kofia nyeupe, kina mama wamejitanda, na mtoto wa mwenye duka yupo meza ya kona anafanya kazi za shule. Nikajiona nipo nyumbani. Hapo ndipo mitego huwekwa.

Mezani kuna kile kimraba cha kuskani. Nikaskani. Kikataka namba ya simu, kikataka pasipoti, kikataka nigeuze uso kushoto na kulia, halafu kikaniambia nijaribu tena baadaye. Njaa haina baadaye. Dogo akalipa, yuani 18 kwa bakuli, na najua kabisa nitazikuta kwenye hesabu zake mwisho wa safari zimeandikwa "usafiri". Nikaomba maji baridi, yakaja ya moto. Nikaonyesha ishara ya barafu, yakaja ya moto zaidi. Tuyaache.

Pale mbele, nyuma ya kioo, kuna kijana mwembamba anacheza na donge la unga. Analipiga mezani, pwaa! Analivuta mikono yote miwili mpaka mwisho wa mabega, analikunja, anashika ncha, anavuta tena. Dogo akaniambia siri ni magadi. Magadi! Haya yetu ya kulainishia maharage, kumbe huku yanawekwa kwenye unga wa ngano ili uvutike usikatike. Zamani waliyapata kwa kuchoma mmea wa jangwani. Kijana akikunja mara moja ana nyuzi mbili, akikunja tena ana nne, halafu nane, kumi na sita, na akifika mara 8 ana nyuzi 256 mkononi, kutoka donge moja. Nilisisimka, kwa sababu nimewahi kuona kitu kimoja tu kinachozaana kwa kasi hiyo, nao ni ule mkopo wa kausha damu.

Basi yule kijana akanigeukia akauliza kitu. Dogo akasema, "Anauliza unataka upana gani."

Nyie, mimi kuulizwa upana! Miaka yote hii nauza mapazia, mtu aniulize upana halafu nibabaike? Dogo akaanza kunitajia: zipo nyembamba za unywele, zipo za kati, zipo bapa za jani la kitunguu, zipo pana, zipo pana sana, na zipo za pembe tatu. Jamani, tambi ya pembe tatu ya nini? Nani alilala njaa akasema kinachokosekana duniani ni kona tatu? Nikanyoosha vidole viwili, nikaviachanisha kidogo ili nipate thamani ya pesa. Kijana akanitazama, akamtazama dogo, akatabasamu. Wa kulaumiwa hapa ni dogo. Mtu mwenye digrii anamwona mzee wake ananyoosha vidole viwili na ananyamaza.

Bakuli likaja. Kubwa, mimi nikajua ni la kunawia. Dogo akanishika mkono kabla sijatumbukiza, akaanza mhadhara. Kwamba tambi hizi zina mambo matano: supu iwe safi ya kuonekana chini, figili ziwe nyeupe, mafuta ya pilipili yawe mekundu, giligilani na majani ya kitunguu saumu yawe ya kijani, tambi zenyewe ziwe na umanjano. Kwamba aliyezipatia sifa ni Ma Baozi, Mhui, yaani Mchina Mwislamu, wa Lanzhou, kuanzia mwaka 1915. Kwamba maduka mengi haya yenye jina la Lanzhou si ya watu wa Lanzhou hata kidogo, ni ya watu wa Hualong, mkoa wa jirani wa Qinghai. Nikamwambia dogo, ahsante kwa historia. Uma uko wapi?

Uma hakuna. Kijiko kipo, kifupi, kina shimo la kuchotea supu tu. Na vijiti.

Nikashika vijiti. Nimeshawahi kuviona, si kwamba natoka porini. Cha chini unakituliza, cha juu unakichezesha, ndivyo wanavyosema. Changu cha juu kilikuwa kinacheza na cha chini kinacheza, na kila kimoja kina muziki wake. Nikaipata tambi moja. Nasema moja, ila ile haikuwa tambi, ilikuwa mkanda. Pana, nzito, imejaa mafuta, naivuta inakuja, naivuta inakuja, nimenyanyua mkono mpaka usawa wa paji la uso na mwisho wake bado upo ndani ya bakuli. Nikasimama kidogo. Bado. Kwa uzoefu wangu ile ilikuwa inatosha dirisha la futi nne na pindo lake.

Ikaponyoka. Ikarudi chini, chubwi! Nikaokota tena. Chubwi. Meza ya jirani wakasogeza bakuli lao.

Nikamuuliza dogo, hii inakatwa wapi? Akasema haikatwi, unaivuta kwa mdomo mpaka iishe. Nikasema na kupumua? Akasema unapumua kwa pua. Sasa nyinyi mnaonijua mimi na hii pua yangu na mafua ya kiyoyozi cha hoteli, niambieni.

Mbele yangu alikaa mzee mmoja wa Kihui, ndevu nyeupe, kofia nyeupe, tulishasalimiana salamu alaikum vizuri kabisa. Alikuwa na bakuli sawa na langu. Anainama, anafyonza, sauti inasikika mpaka barabarani, na tambi inapanda mdomoni bila kumgusa hata undevu mmoja. Kati ya mafundo anang'ata punje ya kitunguu saumu kibichi. Kibichi! Alipoona nahangaika akanionea huruma, akamenya punje akanipa. Sikuomba. Lakini mzee akikupa kitu mkononi, umri kama wa baba yako, unakataaje? Nikatafuna. Machozi yakanitoka, akafurahi, akanimenyea nyingine.

Halafu akanyoosha mkono akaanza kunipanga vidole. Hiki hapa, hiki pale, kimoja kilale, kingine kisimame. Mara ya mwisho kupangwa vidole ilikuwa madrasa, na maalimu alikuwa na fimbo. Watu wamegeuka. Kijana wa unga ameacha kuvuta, ameegemea kioo. Yule mtoto wa kazi za shule ameshuka kwenye kiti, kasogea, kasimama hatua moja kutoka kwenye kiwiko changu, penseli mkononi, ananitazama.

Nikasema liwalo na liwe. Nikainamisha kichwa kama mzee alivyofanya, nikaidaka ncha kwa meno, nikaanza kufyonza. Ikawa inakubali! Inapanda. Mzee anatikisa kichwa, vizuri, vizuri. Nimefika katikati, mashavu yamejaa, nusu ipo ndani yangu na nusu ipo ndani ya bakuli. Simu ikaita. Ya video.

Mama watoto. Asubuhi nilimwambia nipo kiwandani, nahesabu katoni, wala sijui kama nitapata nafasi ya kula. Na simu zetu hizi huku mnajua, ukitaka kumpata mtu haziunganishi hata uombe dua, ila siku ukitaka zisiunganishe, zinajipokea zenyewe. Mimi sikubonyeza kitu. Dogo anasema kiwiko changu ndicho kilichobonyeza. Nikamwona mke wangu, wanangu nyuma yake, na bibi yao kajiegemeza pembeni, wote kimya.

"Baba," akasema, "hicho kinachokutoka mdomoni ni nini?"

Nimelelewa kujibu nikiulizwa. Nikafungua mdomo.

Ilishuka yote. Nusu iliyokuwa ndani ikaifuata nusu iliyokuwa nje, ikatua kwenye supu kwa uzito wake wote, na yale mafuta ya pilipili, ambayo mpaka wakati huo yalikuwa yametulia juu yanang'aa, yakapanda. Kifuani. Shati la krimu. Nikasikia simu inacheka kwa sauti tano tofauti. Bibi yao nikamsikia anauliza, "Wanamtesa?" Mke wangu akajibu, "Hapana mama, anahesabu katoni."

Nikakata.

Sasa ndipo nikainua mkono, vijiti bado vimo, nikavipunga hewani kumwita mhudumu. Ishara ya wazi kabisa duniani kote: njoo, chukua hivi vitu vyenu, niletee uma. Yule kijana wa unga akaitika kwa furaha, akapiga donge mezani, pwaa, akavuta, akakunja, akachemsha, akaja mbio na kunimiminia fungu jingine la tambi ndani ya bakuli. Pana vilevile. Kumbe kwenye duka lile ukimaliza tambi na supu imebaki, unaongezewa, na yeye aliona mtu mwenye hamu anapunga. Bakuli langu likawa limejaa kuliko lilipoletwa. Mimi ndiye mtu pekee niliyekaa hotelini nikala na chakula kikaongezeka.

Dogo, badala ya kunisaidia, akaona ni wakati wa historia nyingine. Eti mwaka 2005 wanasayansi walitangaza kwamba huko Lajia, Qinghai hukohuko kwa hawa jamaa, kando ya Mto Manjano, lilifukuliwa bakuli la tambi za nafaka za jamii ya uwele, lina umri wa miaka kama 4000. Lilifukiwa na udongo, tambi zikakutwa bado zimo, bakuli limepinduka.

Wataalamu wanasema sababu ni tetemeko na mafuriko. Mimi nilipoangalia bakuli langu nikamwelewa kabisa aliyelipindua.

Nikamwambia dogo, waambie hawa ndugu zetu kwamba sisi watu wa pwani hatujaanza leo kuwatendea wema. Mwaka 1415 Malindi ilileta twiga mpaka kwa mfalme wa China. Twiga mzima! Shingo ile, kwenye jahazi, bahari yote ile. Sijasema wanirudishie twiga. Nasema uma. Kitu cha inchi saba. Dogo akakataa kutafsiri.

Aliyenielewa ni yule mtoto. Akaenda kwenye begi lake la shule, akafungua kisanduku cha chakula, akatoa uma wake mwenyewe, wa plastiki, rangi ya waridi, mpini wake una kichwa cha sungura mwenye masikio. Akanipa kwa mikono miwili kwa adabu. Nikaupokea kwa mikono miwili. Nina ndevu zenye mvi, nimepiga magoti kwenye misiba ya watu wakubwa, nimeshika uma wa sungura. Na haukufaa kitu! Ile mikanda inateleza kwenye meno ya plastiki, sungura anapinda shingo, na mtoto anamtazama sungura wake kwa wasiwasi.

Na hapo nikachoka. Nikasukuma bakuli nikakaa. Si tambi tu jamani. Hivi mtu anaweza kupata kitu kimoja kilicho rahisi? Kimoja. Unalipa asilimia 30 ya awali kiwandani, unaambiwa siku 20, siku 20 zinafika unaambiwa kulikuwa na sikukuu. Sikukuu gani? Wanayo. Unalipa 70 iliyobaki, unafungua katoni, pete ulizoagiza za dhahabu zimekuja za shaba, unaambiwa ni mwanga wa chumba. Unakwenda kusafirisha, unapimiwa CBM, yaani mita za ujazo, fimbo za pazia ni ndefu na nyembamba lakini unatozwa hadi hewa iliyo kati yake. Mzigo unafika Dar unakaa. Unauliza unaambiwa mfumo. Fremu kodi inapanda, mteja anakuja anashika pete anasema hii mbona ile mitandaoni ni nusu bei? Halafu ukisema ukae mahali, mtu mzima, ule, nayo uwe na ujuzi! Uwe na umeme kwenye simu, uwe na uso unaotambulika, uwe na vidole vya kinanda. Nimechoka, wallahi. Nilikaribia kulia pale, na safari hii si kitunguu saumu.

Mzee wa Kihui akanisogezea chupa ya siki nyeusi. Nikaimimina kwa hasira tu. Nikanyanyua bakuli kwa mikono miwili nikanywa.

Basi nisimsingizie mtu: supu ile ni tamu. Mifupa ya ng'ombe imechemka imetoa roho yote, nyepesi lakini inashika. Mimi supu ya Kariakoo ya alfajiri nimeinywa na ndimu na chapati tangu ujana, najua supu. Nyama ndiyo wanaikata nyembamba mno, nikiinyanyua inajikunja yenyewe kwa aibu, lakini supu, hapana, pale wameweza. Figili zimelainika vizuri. Ningepewa supu ile na chapati mbili ningewaombea dua mpaka leo. Chapati wanazo, nimeziona, mikate bapa mikubwa imepangwa kwenye ubao. Dogo anasema hakunipa kwa sababu sikuuliza.

Zile tambi nikamwachia yeye. Akazila zote, zangu na zake, kwa vijiti, huku anajibu meseji za wateja kwa mkono wa kushoto. Mtoto akachukua sungura wake, akamfuta, akaenda kumalizia hesabu zake.

Sasa nipo hapa hotelini kifua wazi. Kwenye grupu la familia ile video imeshafika, kumbe mwanangu mkubwa alirekodi. Mjomba wa Tanga ameweka vicheko, watu wa Muscat wameweka vicheko, na shangazi ambaye hajajibu salamu tangu Ramadhani amejitokeza leo kuuliza kama shati lile si alilonipa yeye. Ndilo. Halafu chini yake wakaanza maagizo. Kwa kuwa mtu upo China basi wewe ni soko: niletee simu, nitakurudishia ukifika, niletee kile kidude cha kukatia vitunguu, niletee wigi, lakini lisiwe zito. Kilo zangu za ndege zimeshaisha na hata pete zangu za sampuli sijapakia. Hakuna hata mmoja anayetuma hela. Huyu shemeji hapa ndiyo kabisa, anataka viatu, anasema namba 43 au 44 itategemea na kiatu, na ametuma picha ya mguu wake wa kushoto juu ya zulia. Nimemuuliza, shemeji, rangi gani? Anajibu, "Nzuri."